Kugoma, Kususa na Mgodi Uliofukiwa

Anayefasiri habari za wafanyakazi kwa Kiswahili huridhika haraka na neno mgomo. Punda hugoma katikati ya njia, mtoto hugoma kula, simu nayo siku hizi hugoma kuwaka, na mfanyakazi aliyeweka zana chini huingizwa fungu hilo hilo. Fungu lenyewe si baya, kwani lina ukweli wake: aliyegoma bado yupo. Hajatupa mzigo wala hajahama njia. Amesimama pale pale akingoja kutendewa lililo haki, kisha aendelee.

Kwetu Mgogoni, kaskazini ya Pemba, kuna neno jengine linalokaa jirani na hilo, na mgeni huyachanganya. Ni kususa. Anayesusa hangoji kitu. Chakula alichokisusa kinaweza kuongezwa nazi na samaki, naye asigeuke kukitazama. Likitiwa kiambishi cha kumlenga mtu, kususia, neno huzidi uzito, na likifika kususiana Mpemba yeyote mtu mzima hunyamaza kidogo, maana amewahi kuyaona: harusi isiyohudhuriwa na upande wa pili, duka lililopitwa na majirani wa miaka yote, gari ya abiria isiyopandwa kwa sababu ya chama cha mwenyewe, hata maiti kukosa wachukuzi wa kutosha. Tuliyaona enzi za siasa kabla ya 1964, yakarudi baada ya 1995, yakarudi tena baada ya uchaguzi wa marudio wa Machi 2016.

Ninayaweka maneno haya mawili bega kwa bega kwa sababu ya ugomvi wa mbali: kufungwa kwa migodi ya makaa ya mawe Uingereza na nguvu za chama cha wachimbaji wake. Umepita miaka arubaini na bado haujapoa. Magazeti yetu huufasiri kwa neno mgomo peke yake, na msomaji hubaki akijiuliza mgomo gani huo usiokwisha.

Tuanze na mgomo wa kweli. Wakati wa karafuu, jioni, wachumaji huleta walizochambua makonyo zikapimwe kwa pishi. Hapo ndipo maneno huanza. Ipo pishi ya mfuto, iliyopitishwa mkono juu ikawa sawasawa na mdomo, na ipo iliyojazwa mpaka ikasimama kilele. Mwenye shamba anayelipa ya kwanza na kupokea ya pili atasikia neno moja tu: “Kesho hatupandi.” Hakuna anayetaja mgomo wala chama. Lakini kila aliyepo anajua maana yake, na anajua vilevile kwamba mikarafuu ipo, karafuu zinakaribia kuchanua na kuharibika, na kabla ya hapo pande mbili zitakubaliana juu ya ule mkono unaopita juu ya pishi.

Migomo mikubwa ya pwani ilikuwa na tabia hiyo. Mombasa, Januari 1947, makuli wa bandari, watu wa reli na watumishi wa majumbani waliacha kazi kwa siku kumi na mbili. Jaji Thacker akapewa kazi ya kusuluhisha, ujira ukapanda. Chege Kibachia, aliyekuwa sauti yao, alikamatwa mwaka huo huo akapelekwa Baringo, na hilo ni doa lisilofutika. Unguja nako, Agosti 1948, makuli waligoma gatini, na Septemba mji mzima ukasimama, Abbas Othman akiwa mbele. Wengi walikuwa vibarua, neno lililozaliwa na karatasi ndogo aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa. Ugomvi ulikuwa mkali, lakini ulihusu bei ya kibarua. Siku ya kurudi, bandari ilikuwa pale pale ikiwangoja.

Sasa twende Yorkshire. Machi 1984 Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe ilitangaza kufunga migodi 20 na kupunguza kazi 20,000. Mgodi wa Cortonwood ulikuwa miongoni mwa iliyowasha moto. Arthur Scargill, rais wa chama cha wachimbaji, alisema orodha ya kweli ni ndefu zaidi. Serikali ya Margaret Thatcher ikakanusha. Nyaraka za baraza la mawaziri zilizofunguliwa Januari 2014 zilionesha kwamba mnamo Septemba 1983 migodi 75 ilikuwa imekwisha kutajwa. Wa upande wa pili nao wana hoja zao, na si za kupuuzwa. Husema chama hicho kilimwangusha waziri mkuu Edward Heath mwaka 1974, hivyo swali lilikuwa nani anatawala nchi. Husema Scargill hakuitisha kura ya wanachama wote. Hukumbusha kwamba chini ya Harold Wilson, wa chama cha Labour, miaka ya 1960, migodi mingi zaidi ilifungwa.

Nottinghamshire, kwa kuwa kura hiyo haikupigwa, wachimbaji wengi waliendelea kwenda kazini. Hapo ndipo neno letu la pili linapoingia. Mgomo ulimalizika Machi 1985 bila mapatano yoyote: hakuna karatasi iliyotiwa saini, watu walirudi tu. Mgomo uliokwisha bila kupatana hugeuka jina. Nottinghamshire walianzisha chama chao mwaka huo huo, na vijijini ndugu waliacha kusalimiana, mtu akabadilisha baa aliyoizoea tangu ujana, baba akazikwa mtoto mmoja hayupo. Kiswahili cha vitabu kingewaita waliokwenda kazini wavunjamgomo, jina la tendo ambalo likipita limepita. Kule waliitwa kwa jina la mtu, linalokaribia msaliti wetu, na jina la namna hiyo mtu huzikwa nalo. Mwambie mtu wa Micheweni au wa Konde habari hiyo kwa neno kususiana, hatahitaji maelezo zaidi.

Kwa nini kususa, na si kugoma, ndiko kulikobaki? Nadhani kosa jengine la istilahi linaficha jibu. Tunasema mgodi umefungwa. Lakini kufunga, kwa Kiswahili, kuna mwenzake: skuli hufungwa ikafunguliwa, duka hali kadhalika, na hata mdomo wa mfungaji hungoja magharibi. Mgodi wa chini sana hauna mwenzake huyo. Pampu zikizimwa maji hujaa njia za chini, kuta huporomoka, na shimo hujazwa au huzibwa kwa zege. Wakubwa walisema kufunga. Watu wa kijiji waliona kufukia. Anayegoma dhidi ya kufukiwa hana bandari ya kurudia, kwa hiyo hasira yake haipati pa kutua ila kwa jirani. Mgodi wa mwisho wa chini, Kellingley, ulikoma Desemba 2015, na Septemba 2024 kituo cha mwisho cha umeme wa makaa, Ratcliffe-on-Soar, kikazimwa. Hata hivyo mwaka 2025 serikali ilitangaza uchunguzi wa mapambano ya polisi na wachimbaji pale Orgreave ya tarehe 18 Juni 1984. Makaa yamekwisha, madai yapo.

Na sisi tuna wetu. Mgodi wa Kiwira, kusini magharibi mwa Tanzania, ulijengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2005 ukabinafsishwa. Miaka michache baadaye uzalishaji ukasimama, wafanyakazi wakabaki na madai ya mishahara, na Bunge likapata mjadala mrefu kabla ya mgodi kurudi mikononi mwa serikali. Tazama vitenzi. Wakubwa walipendelea kusimama, kitenzi kisichotaja aliyesimamisha. Kisha kila mara inapozungumzwa mipango mipya, husemwa “kuufufua mgodi”. Hufufuliwa kilichokufa. Lugha imekiri lile ambalo kitenzi cha mwanzo kilikuwa kikilikwepa.

Nguvu ya chama nayo ina tatizo la jina. Chama chetu ni neno moja kwa cha siasa, cha wafanyakazi na cha kuchangiana fedha. Kabla ya Mapinduzi shirikisho moja la wafanyakazi Zanzibar lilikuwa karibu na chama cha siasa cha ASP, jengine, la vyama vya kimaendeleo, karibu na hasimu wake, ZNP. Mchukuzi aliyegoma alihesabiwa pia kuwa amepiga kura. Baada ya Januari 1964 vyama huru vilizimwa, na Bara ikaanzishwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, mwezi wa pili wa mwaka huo. Baada ya CCM kuzaliwa mwaka 1977, wafanyakazi walipata JUWATA, na herufi ya kwanza ni ya jumuiya. Chama kilikuwa kimoja, hata neno lilihifadhiwa kwa ajili yake. Vyama vya wafanyakazi vilivyorudi baadaye, Bara na Visiwani, bado vinalipa deni hilo: mtu akisikia chama kimetoa tamko, huuliza kwanza ni cha upande gani.

Zanzibar, baada ya machungu yetu, ilitumia maneno mawili kwa kumaliza kususiana. Muafaka wa 1999 na wa 2001 ulitiwa saini na viongozi, na kijijini haukufika mbali. Maridhiano ya Novemba 2009, yaliyopigiwa kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010, yalitaka zaidi, kwani kuridhiana hakutiwi saini kwa niaba ya mtu. Yorkshire na Nottinghamshire hawakupata hata muafaka. Ningeomba Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, watakapolipitia tena Kamusi la Kiswahili Fasaha, wakiandike kidahizo cha kususa kwa mapana yake, na mfano wa matumizi wauchukue kwa wachimba makaa.