Jinsi Ukinzani wa Umeme Ulivyopata Kipimo

Kanuni ya kugawa volti kwa ampea ili kupata ukinzani wa waya, ambayo leo hufundishwa sekondari katika kipindi kimoja, ilipatikana takriban robo karne baada ya Alessandro Volta kutangaza betri yake mwaka 1800. Ucheleweshaji huo haukutokana na ugumu wa hesabu yenyewe, bali ulitokana na betri za wakati ule, ambazo nguvu yake ilipungua mara tu zilipoanza kutumika, kiasi kwamba mpimaji hakuweza kujua kama mkondo umedhoofishwa na waya au na betri.

Aliyekwamua jambo hilo ni Georg Simon Ohm, mwana wa fundi makufuli wa Erlangen, aliyekuwa akifundisha hisabati na fizikia katika shule moja ya Cologne. Baada ya majaribio yake ya mwaka 1825 kuvurugwa na betri, Ohm alifuata ushauri wa Johann Poggendorff, akaunganisha shaba na metali ya bizimuthi, kisha akaweka kiungo kimoja katika maji yanayochemka na kingine katika barafu, kwa kuwa tofauti ya joto baina ya viungo vya metali mbili huzalisha umeme, na tofauti hiyo ikiwa haibadiliki, msukumo wa umeme, yaani volteji, nao hutulia. Alijaribu nyaya nane za shaba zenye unene mmoja, fupi kuliko zote ikiwa ya inchi 2 na ndefu kuliko zote ya inchi 130, huku akipima mkondo kwa kadiri ulivyoipindua sindano ya sumaku iliyoning'inizwa juu ya saketi. Ndipo ilipobainika kwamba, msukumo ukiwa uleule, mkondo hupungua kadiri jumla ya ukinzani wa saketi inavyoongezeka.

Kitabu alichokichapisha mwaka 1827 kilipokewa kwa ubaridi usiostahili hata kidogo kazi ya uangalifu wa namna ile, na heshima kubwa ilimfikia mwaka 1841 tu, Royal Society ya London ilipomtunukia Medali ya Copley. Kilichoifanya kanuni yake kuwa ya lazima ni telegrafu, kwani mhandisi aliyejua ukinzani wa kila maili ya kebo aliweza, kwa kupima akiwa pwani, kukadiria hitilafu iko umbali gani chini ya bahari. Na kebo za aina hiyo ziliiunganisha Zanzibar na Aden mwaka 1879.

Upande wa nguvu, yaani kiasi cha nishati kinachotumika kila sekunde, ulifunguliwa na James Joule, mwana wa mtengeneza bia wa Salford, aliyezamisha waya uliosokotwa ndani ya maji na kuonyesha, mwanzoni mwa miaka ya 1840, kwamba joto linalozalishwa hulingana na ukinzani ukizidishwa kwa mkondo uliozidishwa kwa wenyewe. Mkutano wa Paris wa mwaka 1881 uliidhinisha omu, volti na ampea kuwa vipimo vya kimataifa, na mwaka uliofuata William Siemens akapendekeza wati kuwa kipimo cha nguvu, ambayo hupatikana kwa kuzidisha volti na ampea. Kwa vipimo hivyo, pasi ya volti 230 inayopitisha ampea 5 ina ukinzani wa omu 46 na hutumia wati 1,150, na njia ya Joule, yaani 5 mara 5 mara 46, huleta wati zilezile 1,150.