Marree, Mji Uliobebwa na Ngamia

Kando ya reli iliyokufa katika mji wa Marree, karibu kilomita 600 kaskazini mwa Adelaide, Australia, kuna kibanda cha miti kilichoezekwa nyasi. Ni mfano wa msikiti uliojengwa hapo miaka ya 1880. Ule wa awali ulikuwa na kuta za udongo, na mbele yake birika la kutawadhia, katika nchi ambayo maji huhesabiwa tone kwa tone.

Maji ndiyo yaliyouzaa mji huu. Mwaka 1859 Mjerumani Joseph Herrgott, aliyefuatana na mvumbuzi John McDouall Stuart, alizikuta chemchemi katika ardhi ya wenyeji wa asili, nazo zikaitwa kwa jina lake. Reli ilipofika mwaka 1884, mbele yake kulibaki jangwa linalomshinda farasi. Hapo ndipo walipohitajika wenye ngamia. Wote waliitwa "Waafghani", ingawa wengine walikuwa Wabulushi na watu wa Punjab. Misafara yao ilipeleka unga, chai na sukari kwenye mashamba ya mifugo ya mbali, ikarudi na marobota ya sufu.

Hata hivyo, reli waliyoitumikia ndiyo iliyowatenga. Upande mmoja walikaa Wazungu. Upande wa pili Waafghani na wenyeji wa asili, waliooana, wakazaa, na kupanda mitende.

Kisha mambo yakageuka. Vita Kuu ya Kwanza ilifanya majina ya Kijerumani kuwa haramu, na mwaka 1918 mji, uliokuwa ukiitwa kwa jina la chemchemi za Herrgott, ukawa Marree. Malori yakachukua kazi ya ngamia. Sheria ya mwaka 1925 ikaruhusu ngamia wanaozurura wauawe, na wachungaji wengi waliwaachia porini wanyama waliowalisha kwa mikono yao. Dereva Tom Kruse alipata sifa kwa kupeleka barua kwa lori katika njia ya Birdsville, yenye kilomita 517. Njia hiyo ilikwishakanyagwa na nyayo za ngamia kabla yake. Mwaka 1980 reli ya kwenda Alice Springs ikahamishiwa magharibi.

Leo wakazi hawafiki 200. Kila Julai ngamia hurudi Marree kwa mashindano ya mbio, na watu humiminika kuwashangilia. Ni haki ya ngamia hao. Lakini shangwe hiyo inawastahili pia wale walioshika hatamu, waliolisha mashamba ya mbali huku wao wakitengwa upande wa pili wa reli.