Plagi Mbili Ndani ya Uwele

Ukisimama leo nje ya soko la Majengo, Dodoma, utahesabu bodaboda mpaka uchoke. Kijana anapiga kiki mara tatu, haiwaki, anasonya, anavuka barabara na kununua plagi kama mtu anayenunua karanga. Kila nikiona hivyo nakumbuka pikipiki moja iliyolala miaka sita ndani ya tembe, na siku ilipoamshwa. Shuleni, ndugu msomaji, historia ya miaka ile tulifundishwa kwa maazimio na hotuba. Mimi nusu yake nilifundishwa na fundi aliyepiga magoti juu ya gunia, mikono imejaa grisi.

Pikipiki ilikuwa ya baba mdogo, tabibu wa zahanati katika kijiji cha upande wa Mvumi, kusini-mashariki ya mji. Honda nyekundu, aliinunua mwaka 1976 kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Kwa miaka mitano ilizunguka vijijini ikibeba sanduku la dawa. Mwaka 1981 akaiingiza ndani, akaifunika turubai. Watu walisema imekufa. Haikufa bwana! Ilikuwa nzima kabisa, ila tairi la nyuma lilikuwa limekwisha, na petroli ilipatikana leo, ikakosekana wiki tatu.

Mambo yalikuwa yamerundikana. Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1973. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na malori ya watu binafsi yakachukuliwa kwenda vitani. Kampala ilianguka Aprili 1979, na mwaka huohuo mafuta yakapanda tena. Magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Fedha za kigeni kidogo zilizopatikana zilimezwa na mafuta na chakula, spea zikasubiri. Edwin Mtei, Waziri wa Fedha, alijiuzulu mwaka 1979 kwa kutokubaliana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Kubishana nani alikuwa na haki kati yao sitaki. Wazee wetu wanabishana mpaka leo na chai inapoa. Ninachojua ni kwamba ugomvi ule mkubwa ulifika mpaka kwenye tairi la baba mdogo.

Alihamia kwenye baiskeli. Tairi zake zilipotoboka akazijaza majani makavu, maana mipira haikuwepo. Zilipochanika, akatembea kwa miguu. Usiku mmoja wa masika mwaka 1982 aliitwa kwa mama aliyeshindwa kujifungua, kijiji cha tatu kutoka kwetu. Alifika alfajiri. Mama walimbeba kitandani, wanaume wanne wakipokezana, kumpeleka hospitali ya misheni. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Baba mdogo hakulizungumza jambo hilo, lakini tangu siku ile hakupenda mtu aondoe turubai lile.

Halafu ukaja mwaka 1983 na vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Walanguzi walikamatwa kwelikweli, lakini hofu haikuchagua mlanguzi. Watu walitupa sabuni na vitenge vichakani usiku. Mama mdogo alikuwa na plagi mbili mpya kabatini, ambazo mumewe alizipata kwa taabu Dar es Salaam. Nani angeamini kwamba tabibu ana plagi mpya za pikipiki isiyotembea? Akazifunga kwenye kitambaa, akazizika katikati ya kihenge cha uwele. Hakumwambia mtu.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za nje kuingiza bidhaa. Mwaka 1985 Mwalimu aling'atuka, akaingia Mzee Mwinyi, na mwaka 1986 mkataba na Shirika la Fedha ukatiwa saini. Dola iliyokuwa kama shilingi 8 mwaka 1979 ilifika 40 hivi katikati ya 1986. Bidhaa zikarudi madukani, na bei zake zikatuacha midomo wazi. Baba mdogo alikusanya akiba mwaka mzima, akanunua tairi. Mwaka 1987 akamleta fundi kutoka Majengo juu ya lori la mtama.

Sisi watoto tulitaka apige kiki hapohapo. Fundi akafoka: "Mwacheni! Mtavunja ringi." Alifungua plagi, akamimina vijiko viwili vya oili kwenye tundu lake, akaketi. Pistoni iliyosimama miaka sita hushikana na silinda, alisema, na ukiilazimisha inakwangua. Iachwe inywe oili mpaka asubuhi.

Ndiyo maana usiku ule alikuwa na nafasi ya kutusimulia Kongwa. Baba yake alifanya kazi huko kwenye mradi wa karanga, Waingereza walioanzisha mwaka 1947 wakitaka ekari zaidi ya milioni tatu. Mashine nyingi zilikuwa masalia ya Vita Kuu ya Pili, nyingine zimetoka Ufilipino zilikorundikwa baada ya vita. Walileta hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Ziliharibika moja baada ya nyingine, spea za aina hii haziingii kwenye aina ile, na udongo wetu ukikauka unakuwa kama saruji. Mwaka wa kwanza walilenga ekari 150,000. Hata 10,000 hawakufikia. Januari 1951 wakaufunga, pauni zaidi ya milioni 30 zimekwenda. "Mzungu alidhani mashine ikisimama imepumzika," fundi akasema. "Mashine ikisimama inaliwa."

Asubuhi aliweka gia ya tatu, akaisukuma mbele na nyuma taratibu. Ikagoma, kisha ikalegea. Akafungua tenki. Petroli ilinuka kama vanishi, na kutu ilijaa upande wa juu, pale palipokuwa patupu. "Daktari, ulipaswa kujaza tenki pomoni kabla ya kuilaza, na kufunga koki ili kabureta ikauke." Baba mdogo alimtazama tu. Kujaza tenki, mwaka 1981! Wote wawili wakacheka mpaka fundi akafuta machozi.

Tuliingiza changarawe na petroli kidogo kwenye tenki, tukalitikisa zamu kwa zamu, likatoa maji mekundu. Ndani ya kabureta mafuta ya 1981 yalikuwa yameganda, gundi ya kahawia. Jeti, kitundu kisichopita hata sindano, kilikuwa kimeziba kabisa. Hakukizibua kwa waya, maana waya unakitanua na injini italewa mafuta. Alituma mtoto kung'oa unywele wa mkia wa punda. Kwenye ekzosi manyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo. Pointi alizisugua kwa ubavu wa sanduku la kiberiti.

Kisha akaishika plagi ya zamani kwenye chuma, akapiga kiki. Hakuna cheche. Akajaribu tena. Hakuna. Plagi imekufa, akasema, na kwenda mjini ni mpaka lori la Alhamisi.

Mama mdogo akaondoka bila neno. Tulimsikia akichota uwele. Alirudi na kitambaa, unga umemganda mpaka viwikoni, akakifungua mbele ya mumewe.

"Tangu lini?" baba mdogo akauliza.

"Tangu Sokoine."

Kiki ya kwanza, kimya. Ya tano ikakohoa. Ya tisa ikawaka, ikatema moshi mweupe na mabonge ya udongo wa manyigu, kuku wakatawanyika. Baba mdogo hakungoja iwe safi. Alipanda bila kofia, akaelekea njia ya kile kijiji cha tatu. Mama mdogo aliifunga plagi iliyobaki kwenye kitambaa chake, akairudisha kwenye kihenge.