Mboga za Asili Themi: Bustani za Kaya Zahitaji Mbegu Bora na Maji Salama

Kata ya Themi katika Jiji la Arusha ina jina moja na mto unaoshuka kutoka Mlima Meru, kupita mjini na hatimaye kuungana na Mto Kikuletwa katika Bonde la Pangani. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 617,631 katika jiji hilo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kwa kaya ya kipato cha chini, bustani ya nyumbani huokoa fedha za nauli na kupunguza hasara ya mboga kunyauka.

Mbegu

Mchicha, mnavu, mgagani, loshuu na ngogwe ni mboga zinazofahamika kwa wakazi wa Arusha. Taasisi ya kimataifa ya World Vegetable Center, yenye ofisi ya kanda mkoani humo tangu mwaka 1992, imeshirikiana na kituo cha utafiti cha Tengeru kuboresha mbegu zake. Miongoni mwa aina zilizotokana na kazi hiyo ni mnavu wa Nduruma na Olevolosi, pamoja na mchicha wa Madiira 1 na Madiira 2. Aina hizo si chotara, hivyo mkulima anaweza kuacha mimea michache ikomae na kutumia mbegu zake msimu unaofuata. Mbegu za kuuzwa husimamiwa na Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu Tanzania (TOSCI).

Maji

Kingo za mto huwavutia wakulima kwa sababu maji yapo karibu mwaka mzima. Hata hivyo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Aidha, mto unaopita mjini hupokea taka na majitaka. Vijidudu vilivyomo hubaki kwenye majani, na madini mazito yakishafyonzwa na mmea hayaondoki kwa kuosha wala kupika. Mboga iliyopatikana kwa bei nafuu namna hiyo inaweza kuigharimu familia afya yake. Maji ya bomba na ya mvua yaliyovunwa kwenye paa ndiyo salama zaidi kwa umwagiliaji.

Eneo dogo linatosha

Kaya isiyo na shamba inaweza kupanda kwenye magunia au ndoo zilizotobolewa chini, kwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Mchicha huanza kuvunwa takribani wiki 3 hadi 4 baada ya kupandwa, na mnavu huchumwa mara kadhaa kabla ya kung'olewa.

Msaada uliopo

Ushauri wa kilimo hutolewa na maafisa ugani. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kupitia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Mgawanyo wake ni asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Wananchi wanaonunua mboga wanashauriwa kumuuliza muuzaji zilikolimwa na maji yaliyotumika kumwagilia.