Mwana, Msomi na Mtafutaji: Maana za Kujifunza katika Kiswahili, Kiingereza na Kituruki, kwa Kutazama Turkana

Vitabu vya shule vya Kenya vilivyochapishwa kwa ajili ya mtaala mpya ulioanza kujaribiwa mwaka 1917 + 100, yaani 2017, vimebadilisha neno moja katika majalada yake ya Kiingereza. Palipoandikwa 'Pupil's Book' sasa aghalabu pameandikwa 'Learner's Book'. Vitabu vya Kiswahili vya mtaala huohuo havikubadilika: ni 'Kitabu cha Mwanafunzi' kama zamani. Waweza kusema kwamba hili ni jambo la wachapishaji na si la wahakiki. Makala haya yanashikilia kinyume chake. Neno analopewa mtu anayejifunza humweka mahali fulani mbele ya mwalimu, mbele ya jamaa zake na mbele ya serikali, na mahali hapo hapafanani katika lugha zote. Tutalinganisha Kiswahili na Kiingereza na Kituruki, kisha tutazame Turkana, ambako maneno haya yalifika kwa kuchelewa na yakafika pamoja na dola.

Tuanze na Kiingereza, ambacho hakitatuchukua muda mrefu. 'Pupil' limetokana na neno la Kilatini 'pupillus', yaani yatima mdogo aliye chini ya mlezi wa kisheria. 'Student' linatokana na 'studium', ari au bidii. 'Learner' ni neno la Kijerumaniki lisilo na ukoo wala umri: ni mtu yeyote atendaye kitendo cha kujifunza, hata kama anajifunza kuendesha gari. Sheria ya Shule ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 ililichagua neno hilo, na tangu hapo limeenea katika hati za elimu za bara letu. Faida yake ni kwamba halimdharau mtu mzima. Hasara yake, kwa maoni yangu, ni kwamba halimwambii mtu huyo yeye ni wa nani.

Kituruki kinahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa kiko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Hadi miaka ya 1930 Waturuki walimwita mwanafunzi 'talebe' na mwalimu 'muallim'. Maneno yote mawili ni ya Kiarabu. La pili ndilo 'mwalimu' wetu. La kwanza lina asili ya wingi katika Kiarabu, wingi wa 'talib', mtafutaji, ingawa Waturuki walilitumia kama umoja. Basi kwa Mturuki wa zama hizo kujifunza kulikuwa kutafuta, na anayetafuta huondoka nyumbani.

Mfano wa mtafutaji huyo tunao sisi wenyewe. Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kufariki Zanzibar mwaka 1925, alikuwa tayari kadhi katika dola ya Sultani Barghash alipoacha kiti chake katika miaka ya 1880 akaenda Istanbul. Huko alikuwa karibu na Sayyid Fadl bin Alawi, maarufu kama Fadl Pasha, kisha akaendelea kutafuta wanavyuoni kwingineko kabla ya kurejea Zanzibar na kushika ukadhi tena. Hakuna aliyeona ajabu kadhi kurudi kukaa mbele ya mwalimu. Mtafutaji hana umri wa kumaliza kutafuta.

Mageuzi ya lugha ya Kituruki yaliyaondoa maneno haya. Chama cha Lugha ya Kituruki kilipoundwa mwaka 1932, 'muallim' alianza kumpisha 'öğretmen' na 'talebe' akampisha 'öğrenci'. Maneno haya mapya yamejengwa juu ya shina moja la kale. Shina hilo likipewa kiambishi cha kujitendea hutoa 'öğrenmek', kujifunza. Likipewa kiambishi cha kusababisha hutoa 'öğretmek', kufundisha. Kujifunza na kufundisha ni ndugu wa tumbo moja, hakuna aliyemzaa mwenziwe. Tena 'öğrenmek' ni pia kupata habari: Mturuki 'hujifunza' kwamba mgeni amefika, kama Mwingereza naye awezavyo kusema kwa 'learn'. Mswahili hawezi. Sisi habari tunaipata au tunaijua, hatujifunzi habari.

Kwa nini hatuwezi? Jibu limo katika umbo la neno. Shina letu ni 'funda', ambalo kamusi za kale zinalipa maana ya kutwanga pamoja na maana ya kumpa mtu mafunzo, hasa kumfunda mwali ndani. Kutoka hapo twapata 'funza', na juu ya 'funza' tunaweka 'ji': kujifunza, yaani kujifanyia mwenyewe kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na mwingine. Katika Kiswahili kujifunza kumezaliwa na kufunza. Mwalimu hutangulia hata pale ambapo hayupo, kwa kuwa anayejifunza peke yake amekuwa somo na mwali wa nafsi yake. Habari haina kungwi, basi haifunzwi.

Hapa ndipo lilipo neno 'mwanafunzi'. Wengi hulisoma kama 'mtoto wa mafunzo', wakaona kwamba Kiswahili kinamfanya kila anayejifunza kuwa mtoto. Usomaji huo una kasoro. Mwanasheria si mtoto, wala mwanamaji, wala mwanachama, wala mwananchi. 'Mwana' katika maneno haya huonyesha kuwa wa kitu, si uchache wa miaka. Ushahidi ulio bora zaidi umo katika Biblia ya Kiswahili, ambamo wale kumi na wawili, watu wazima wenye kazi zao na mmoja wao mtoza ushuru, wanaitwa wanafunzi. Kiingereza kimewatengea neno lao la kanisani, 'disciple', lisilotumika darasani. Kituruki cha Biblia ya zamani kiliwaita 'şakirt', na tafsiri za karibuni zinawaita 'öğrenci' kama watoto wa shule. Kwetu neno limekuwa moja muda wote, na pwani lilimhusu pia kijana aliyekaa kwa seremala au mshona kofia, ambaye kwa jina jingine ni mwanagenzi.

Kama neno lenyewe halikumfanya mtu mtoto, ni nini kilichomfanya? Nadhani ni neno jingine, 'kusoma'.

'Kusoma' kwetu na 'okumak' kwa Waturuki yanalingana kiasi cha kushangaza. Yote mawili yana maana ya kutazama maandishi, kukariri Kurani kwa sauti, na kuwa katika elimu ya shule. Tunasema 'kasoma huyu' bila kutaja kitabu, na Mturuki naye husema 'okumuş' kwa maana hiyohiyo. Lakini kusoma, tofauti na kufundwa, kunagawa watu makundi mawili. Katika Buganda ya miaka ya 1880 waliofuata dini mpya waliitwa 'abasomi', wasomaji, na baadhi yao waliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Katika Ugikuyu watu wa misheni waliitwa 'athomi', neno la shina hilohilo. Kusoma kulikuwa kuhama: kuvaa nguo nyingine, kuitwa jina jingine, kuacha ngoma. Na mwaka 1928 mgawanyo huu uliongezewa makali katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Mwezi Juni mkutano wa Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, kwa hati za Kilatini. Tarehe 1 Novemba Bunge la Uturuki lilipitisha sheria ya alfabeti mpya. Mzee aliyesoma maisha yake yote kwa hati za Kiarabu, awe Lamu au Konya, akawa machoni pa serikali mtu asiyesoma.

Tofauti ni yale yaliyofuata. Uturuki ilifungua Shule za Taifa kwa watu wazima mwanzoni mwa 1929, na rais mwenyewe, Mustafa Kemal, akapewa cheo cha mwalimu mkuu na kupigwa picha mbele ya ubao. Taifa zima lilifanywa darasa, kwa nguvu bila shaka, lakini hapakuwa na aibu ya ndevu. Kenya haikupata kitu cha namna hiyo. Idara ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa mwaka 1979, na darasa lake likapewa jina ambalo Wakenya hulitamka kwa kicheko: ngumbaru.

Sasa tufike Turkana. Wilaya hii ilitawaliwa na Waingereza kama eneo lililofungwa, ambamo mgeni hakuingia bila kibali; ndiyo sababu walimfunga Jomo Kenyatta Lokitaung, kisha wakamzuilia Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961. Ni kejeli ya historia kwamba aliyeandika katika 'Facing Mount Kenya', mwaka 1938, sura nzima kuhusu elimu ya wazee wake iliyomfunza mtu pasipo shule, aliwekwa mahali ambapo elimu ya aina hiyo ndiyo iliyokuwa karibu elimu pekee. Mvulana wa Kiturkana alijifunza malisho, visima na alama za mifugo, na kuingia kwake utu uzima kulipitia 'asapan', sherehe ya kuchomwa ng'ombe dume kwa mkuki. Aliingia ama kundi la Mawe ama la Chui, lile ambalo si la baba yake. Elimu hiyo haikuhitaji neno la kumtenga ajifunzaye na asiyejifunza, kwa kuwa hapakuwa na asiyejifunza.

Ng'ambo ya mpaka, kwa Wakaramojong, ambao lugha na maisha yao ni jamaa wa karibu wa Waturkana, yasimuliwa kwamba wazee waliilaani kalamu na kuizika, kwa kuwa ndiyo iliyoandika majina ya vijana waliochukuliwa vitani enzi za Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1995 kalamu ilifukuliwa kwa sherehe, na mwaka 1998 ukaanzishwa mpango wa elimu uliopangwa kufuata saa za mchungaji. Kisa hiki hutajwa mara nyingi katika ripoti kama ushahidi wa watu waliochukia elimu. Mimi nakisoma vingine. Wazee hawakuzika kujifunza. Walizika kalamu, yaani kule kusoma kunakohamisha, na walitambua kwa usahihi kwamba karatasi ilikuwa imewachukua watoto wao.

Kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, Kakuma, mambo yamepinduka. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992 kupokea, miongoni mwa wengine, maelfu ya wavulana wa Sudan Kusini waliotembea hadi Ethiopia na kufukuzwa huko mwaka 1991. Hao walikuwa 'pupillus' kwa maana kamili ya Kilatini: wadogo, wasio na wazazi, chini ya mlezi wa kisheria. Walikuwa na msemo wao uliojulikana sana kwamba elimu ndiyo mama na baba. Msemo huo, ukiuleta katika Kiswahili, unaligeuza neno 'mwanafunzi' kuwa tamko la ukoo. Kwa vijana hao kusoma hakukuwa kuwaacha jamaa. Jamaa walikuwa wamekwisha kupotea. Baadhi yao walikuwa watu wazima walipokuwa bado katika madarasa ya msingi, na hapakuwa na aliyewaita ngumbaru.

Hilo lisingekuwa rahisi kwingineko nchini. Kimani Maruge alipojiandikisha darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, mwaka mmoja baada ya ada za msingi kuondolewa, alikubaliwa akiwa amevaa sare na kaptura. Dunia ilimshangilia. Lakini mtu ajiulize kaptura ile ilikuwa bei ya nini. Neno 'mwanafunzi' lingemtosha bila hiyo, kama lilivyomtosha Petro mvuvi.

Nje kidogo ya mji wa Lodwar pana Nawoitorong, nyumba ya wageni na kituo cha mikutano kinachoendeshwa na kikundi cha akina mama, kilichojengwa kwa vifaa vya hapohapo. Katika vituo vya namna hiyo wanaohudhuria semina huitwa washiriki. Mama akifunzwa hesabu za mradi kwenye ukumbi, ni mshiriki. Mama huyohuyo akifunzwa hesabu zilezile chini ya mti, kwa kitabu cha alfabeti, ni ngumbaru. Akienda na binti yake shuleni, binti ndiye mwanafunzi na yeye ni mzazi. Watafsiri wanaopendekeza tuunde neno jipya la 'learner', 'mjifunzaji' na mengine ya aina hiyo, wanaongeza jina la nne juu ya matatu haya, na la nne litatumika ukumbini, si chini ya mti.