Kiunganishi Kilichokosa Namba

Kishike kiunganishi cha faiba mkononi. Ni kidude kidogo cha plastiki, mara nyingi cha buluu au kijani, na mbele yake kimechomoza kijiti cheupe cha kauri, ambacho katika aina nyingi kina unene wa milimita 2.5. Katikati ya kijiti umepita uzi wa kioo mwembamba, mikromita 125, na mwanga unapita kwenye kiini chake cha mikromita kama 9 tu. Kazi yake ni kuzikutanisha ncha mbili za uzi zitazamane sawasawa. Umeme haumo.

Mfumo wa HS, unaozipa bidhaa namba za forodha duniani, ulikubaliwa Brussels mwezi Juni 1983, ukaanza kutumika Januari 1, 1988. Faiba ilipata makao humo: nyaya ambazo kila uzi una ganda lake ziliwekwa 8544.70, jirani na nyaya za umeme, na nyingine zikapelekwa 9001 pamoja na lenzi. Kiunganishi hakikutajwa.

Basi kilipofika bandarini kiliulizwa swali la kale la forodha: umetengenezwa kwa kitu gani? Cha plastiki kikahesabiwa na vitu vya plastiki, cha kauri na kauri, cha shaba na shaba. Kazi ile ile, namba mbalimbali, na pengine ushuru mbalimbali. Na chenye plastiki, kauri na chuma kwa pamoja? Kanuni ya tatu ya mfumo inataka itafutwe sehemu inayokipa kitu tabia yake ya msingi, na hapo wakala wa forodha na ofisa walikuwa na la kubishania mpaka jioni.

Januari 1, 2007 toleo jipya la mfumo lilikipa namba yake, 8536.70, katika fungu la swichi, fyuzi, plagi na soketi za umeme usiozidi volti 1,000. Ajabu kidogo, lakini naona walifanya busara: fundi hukichomeka kama plagi. Dokezo la Sura ya 85 likaweka mpaka: kioanishe ncha tu, kisikuze wala kubadili mawimbi.

Tarakimu hizo sita zimo pia katika kitabu cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki. Katika kitabu cha nchi za ASEAN, namba hiyo imegawanywa tena: vya kauri, vya shaba, na vinginevyo.