Kukosoa na Kutia Moyo: Historia Fupi ya Lugha ya Kumfunza Mhuishaji wa Ridhaa

Utangulizi

Miongoni mwa maombi yafikayo mezani petu, yako yaonekanayo mepesi hadi yanapotendewa kazi. Tuliwahi kuletewa fomu ya ukurasa mmoja tuitafsiri kwa ajili ya mafunzo ya vijana wachoraji wa filamu za katuni. Fomu ilikuwa na nafasi ya mwalimu kuandika rai yake juu ya kazi ya kila mwanafunzi. Sisi, pasipo kutafakari sana, tuliipa nafasi hiyo kichwa cha "Makosa". Baadaye fomu zilizojazwa tulizisoma: "mwendo mbaya", "haina uhai", "mkono si mkono". Hapakuwa na hata moja iliyomweleza kijana ni picha ipi airudie, wala ni lipi alilolifanya vyema asije akalipoteza. Walimu walikuwa wamejibu swali waliloulizwa. Kosa lilikuwa letu.

Makala hii yakusudia kutazama jinsi mafundi wa uhuishaji walivyofunzana na kukosoana tangu miaka ya 1920, kisha kuuliza ni maneno gani yatufaayo katika kazi hiyo.

Maneno tuliyo nayo

Neno "katuni" tumelipokea kutoka Kiingereza, na asili yake ya mbali ni Kitaliano, ambako lilikuwa na maana ya karatasi nene ya mchoraji. Neno "uhuishaji" latokana na kitenzi "huisha", yaani kutia uhai, ambacho mzizi wake ni wa Kiarabu. Yapendeza kuona kwamba lugha za Ulaya nazo ziliijengea sanaa hii jina juu ya neno la Kilatini lenye maana ya pumzi au roho. Kwa hiyo mwalimu anaposema kwamba kazi ya mwanafunzi "haina uhai" ametoa hukumu nzito kuliko zote, na isiyo na manufaa kuliko zote. Amesema tu kwamba uhuishaji haujatokea. Hakusema kwa nini.

Kuhusu kitenzi "kosoa", umbo lake lafanana na la vitenzi vya kutendua, kama vile choma na chomoa, funga na fungua, ziba na zibua. Kwa umbo hilo, mkosoaji angekuwa ni mtu aliondoaye kosa. Matumizi ya siku hizi, hata hivyo, yamelielekeza neno upande wa kutaja kosa na kuishia hapo. Historia tunayoisimulia ni ya watu waliojaribu, baadhi yao bila kujua, kurudi kwenye maana ile ya kwanza.

Neno "ridhaa" twalijua kutoka michezoni: mchezaji wa ridhaa hucheza kwa kupenda, si kwa mshahara. Mhuishaji wa ridhaa ni vivyo hivyo. Afanyaye kazi kwa ujira hukaa kitini hata akikemewa, kwa kuwa ana chakula cha watoto cha kufikiria. Wa ridhaa hana kimshikiliacho ila kupenda kwenyewe, na kupenda huko kukivunjwa, hakuna mwajiri wa kumrudisha.

Chumba cha jasho

Uhuishaji wenyewe ulianza kwa watu kujifunza peke yao. Mwaka 1920 mchoraji E. G. Lutz alitoa kitabu cha kueleza jinsi filamu za katuni zitengenezwavyo. Nakala moja iliazimwa katika maktaba ya mji wa Kansas City na kijana aitwaye Walt Disney, aliyeanza majaribio yake kwa kamera ya kuazima. Kampuni yake iliyoanzishwa mwaka 1922 ilifilisika mwaka 1923. Kitabu chaweza kueleza, bali hakiwezi kuitazama kazi ya msomaji na kumwambia wapi imepotoka.

Alipokwisha kupata studio yake huko California, Disney aliona kwamba wachoraji wake wahitaji mafunzo. Mwaka 1932 mhuishaji Art Babbitt alianza kuwakusanya wenzake nyumbani kwake jioni ili wachore watu walio hai mbele yao. Disney aliyahamishia mazoezi hayo studioni, na tarehe 15 Novemba 1932 mwalimu Don Graham, kutoka chuo cha sanaa cha Chouinard, akaanza kufundisha hapo. Katika waraka aliomwandikia Graham tarehe 23 Desemba 1935, Disney alitaja sifa za mhuishaji bora: uchoraji mzuri, ujuzi wa kutilia chumvi umbo na tendo, ufahamu wa uigizaji, uwezo wa kubuni vichekesho, maarifa ya ujenzi wa hadithi. Hapo tunaona hatua ya kwanza ya maana. Jambo kubwa liitwalo "uzuri" limegawanywa katika sehemu ambazo kila moja yaweza kufundishwa na kukosolewa peke yake.

Hatua ya pili ilikuwa ni desturi ya kupiga picha michoro ya penseli kabla haijasafishwa na kutiwa wino, kisha kuitazama ikienda. Wahenga wamesema samaki mkunje angali mbichi. Mchoro wa penseli hurekebishwa kwa kifutio, lakini uliokwisha kutiwa wino na rangi ni gharama tupu. Majaribio hayo yalitazamwa katika chumba kidogo kisichopitisha hewa, ambacho wachoraji walikiita kwa neno lenye maana ya chumba cha jasho. Jasho hilo lilikuwa la joto, na pia la hofu ya kuketi karibu na Disney huku kazi yako ikipita ukutani.

Ni njia iliyozaa matunda: filamu ya Snow White ya mwaka 1937 ni ushahidi. Hata hivyo haifai tuisifu pasipo mizani. Mwezi Mei 1941 wafanyakazi wengi wa studio hiyo waligoma, kwa sababu za mishahara, za majina yao kutotajwa kwenye filamu, na za haki ya kuwa na chama. Babbitt, ambaye nyumbani kwake masomo yalianzia, alikuwa amekwisha kufukuzwa na sasa alikuwa miongoni mwa viongozi wa mgomo. Mtu aweza kufunzwa vizuri sana na bado asihesabiwe. Kutia moyo kusikoambatana na heshima ni maneno tu.

Hakimu wa mashindano ya ridhaa

Mfano wa pili watoka Uskoti. Norman McLaren alizaliwa Stirling mwaka 1914, akasoma katika chuo cha sanaa cha Glasgow. Kwa kukosa kamera, alichukua filamu kuukuu, akazifuta picha zake, kisha akachora kwa mkono juu ya utepe wenyewe. Filamu zake za mwanzo zilionyeshwa katika mashindano ya filamu za ridhaa ya Uskoti, ambako John Grierson alikuwa hakimu. Grierson aliona kijana huyu ana kitu, akampa nafasi katika kitengo cha filamu cha Idara ya Posta jijini London. McLaren akaanza kazi huko mwaka 1936. Mwaka 1941 Grierson alimwita tena, safari hii Kanada, kwenye Bodi ya Taifa ya Filamu iliyoundwa mwaka 1939.

Tukumbuke kwamba kazi ya hakimu wa mashindano ni kutoa alama na kwenda zake. Grierson alitoa alama, kisha akafungua mlango. Filamu ya McLaren iitwayo Neighbours, ya mwaka 1952, ilipata tuzo ya Oscar. Aliyetiwa moyo naye akawa mtia moyo: mwaka 1949 alikwenda China kwa niaba ya UNESCO kuwafunza wachoraji kutengeneza picha za elimu ya afya vijijini, na miaka michache baadaye akafanya kazi kama hiyo India.

Majina ya mwendo

Kwa sisi watu wa istilahi, kazi ya McLaren iliyo muhimu kuliko zote ni ile ambayo watazamaji wa kawaida hawaijui. Kati ya mwaka 1976 na 1978, yeye na Grant Munro walitoa filamu tano fupi za kuwafunza wanagenzi aina za mwendo: mwendo usiobadilika, mwendo wa kuongezeka, mwendo wa kupungua, kusimama, na mwendo usio na utaratibu. Kila aina ina jina, na kila jina lina mfano.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Mwalimu asiye na jina la mwendo hana budi kusema "mbaya". Mwenye jina husema: "Mpira wako waanguka kwa mwendo usiobadilika, upe mwendo wa kuongezeka, uachanishe picha zaidi kadiri unavyokaribia chini." Rai ya kwanza humhukumu mtu, na ya pili huigusa kazi. Aghalabu tofauti kati ya ukali na upole wa mwalimu si tofauti ya tabia, bali ni tofauti ya msamiati.

Kwetu

Sanaa hii si ngeni tena kwetu. Mwaka 2010 ulianza kuonyeshwa mfululizo wa Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi na kuchukua sura yake kutoka michoro ya shule ya Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972. Mwaka 2014 ulianza Ubongo Kids nchini Tanzania. Tingatinga mwenyewe alifunza wanagenzi wachache kwa kuketi nao kazini. Nyuma ya kazi zinazoonekana wako vijana wengi wachorao usiku baada ya shughuli nyingine, na wengi wao husahihishwa kwa maneno ya Kiingereza ambayo mwalimu na mwanafunzi huyaelewa nusu nusu.

Mapendekezo

Kwa ajili ya walimu na watafsiri, twapendekeza istilahi zifuatazo zijaribiwe:

Mhuishaji wa ridhaa: atengenezaye uhuishaji kwa kupenda, pasipo ujira.

Mswada wa mwendo: uhuishaji usiosafishwa, unaotazamwa ili urekebishwe. Hatukuchagua "jaribio la penseli", kwa kuwa tangu Toy Story ya mwaka 1995, filamu ndefu ya kwanza iliyohuishwa yote kwa kompyuta, penseli si lazima iwepo.

Kitangulizi: tendo dogo linalotangulia tendo kubwa, kama vile kuchutama kabla ya kuruka.

Mrejesho: rai arudishiwayo mtengenezaji juu ya mswada wake, itajayo mahali, sababu na njia. Isiyotaja mahali tuiite hukumu.

Sifa mahususi: sifa itajayo kilichofaulu na picha kilipo. "Hongera" pekee si sifa mahususi, kwa kuwa haimwambii mtu akishike kipi.

Ile fomu tumeiandika upya. Badala ya "Makosa" sasa ina nafasi tatu: "Kilichofaulu", "Picha za kurudiwa", na "Njia ya kujaribu". Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nasi tumejifunza kwa koleo letu wenyewe. Wasomaji watakaoitumia twawaomba watuletee mrejesho wao, wataje na mstari wenye kasoro.